Geji ya joto inapodanganya: mwongozo kamili wa kutafuta ubovu kwenye gari la zamani

Geji ya joto ni chombo kidogo kinacholinda kitu ghali kuliko vyote vilivyo chini ya boneti. Injini ikichemsha kwa dakika chache bila dereva kujua, silinda hedi hupinda na gasketi huungua. Ikizidi hapo, pistoni hukwama na injini inanoki. Kwa hiyo mshale ulioganda kwenye C (baridi) usivumiliwe eti kwa sababu gari linatembea vizuri, na mshale uliopanda hadi H (moto) usipuuzwe eti kwa sababu geji hiyo ilikuwa mbovu tangu gari linunuliwe.

Wengi huanza kwa kununua sensa, kile kifaa cha kwenye injini kinachopima joto la maji. Wanaifunga, mshale unabaki palepale, wanahamia kwenye thamostati (mlango unaofunguka kwa joto kuachia maji yaende kwenye rejeta), kisha geji nzima ya dashibodi. Fedha zinaisha na jibu halijapatikana. Mfumo wenyewe hauna sehemu nyingi: kuna umeme unaoingia, geji, waya mmoja unaoshuka hadi kwenye injini, sensa, na ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia chuma cha gari. Ukizipima kwa mpangilio, ubovu unajulikana kabla hujanunua chochote.

Andaa multimita, taa ya kupimia ya volti 12, kipande cha waya chenye klipu pande zote mbili, msasa laini, brashi ya waya, soketi ndefu inayoenea sensa yako, kipimajoto cha kuchovya kinachofika nyuzi 110 za Selsiasi, na sufuria ya zamani ambayo haitarudi jikoni. Kipimajoto cha mionzi, kile cha kuelekeza kama tochi, kitakurahisishia kazi sana. Ukipata mchoro wa nyaya wa gari lako, uweke karibu.

Tahadhari ni hizi, na zote ni za lazima. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Maji yaliyo kwenye presha hugeuka mvuke papo hapo yanapopata mwanya, na yanaunguza uso na mikono kwa sekunde moja. Weka mikono, nguo na nyaya zako mbali na mikanda. Kumbuka pia kwamba feni ya umeme inaweza kuanza kuzunguka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa.

Jua kwanza una geji ya aina gani

Magari ya zamani yana aina tatu kuu za geji, na vipimo vinatofautiana.

Ya kwanza ni ya mrija, isiyotumia umeme. Nyuma ya geji kuna mrija mwembamba wa chuma unaopita ukuta wa injini hadi kwenye tungi dogo lililochomekwa ndani ya maji. Tungi hilo lina kimiminika kinachovukiza kirahisi. Joto likipanda presha inapanda na kuusukuma mshale. Geji za namna hii mara nyingi zimeandikwa namba halisi za joto.

Ya pili ni ya joto la umeme. Ndani yake kuna ukanda wa metali mbili uliozungushiwa waya unaopata moto umeme ukipita. Ukanda unapinda na kuvuta mshale. Utaitambua kwa mwendo wake: ukiwasha swichi, mshale unapanda taratibu, na unaweza kuchukua nusu dakika au zaidi kutulia. Nyingi za aina hii hutegemea kidhibiti cha volti kinachozihudumia pamoja na geji ya mafuta. Hilo likumbuke, tutalirudia.

Ya tatu ni ya koili. Mshale wake unaruka mara moja, na kwa nyuma ina nguzo tatu: ya umeme, ya ethi, na ya waya wa sensa. Hii haihitaji kidhibiti. Baadhi yake hubaki pale mshale ulipoishia hata ukizima swichi, kwa hiyo usishtuke ukikuta mshale katikati gari likiwa limelala usiku kucha.

Kwenye aina mbili za umeme, sensa karibu zote hufanya kazi kwa namna moja: zikiwa baridi ukinzani wake (kiasi cha kuzuia umeme, hupimwa kwa omu) ni mkubwa, zikipata moto ukinzani unashuka. Kadiri umeme mwingi unavyopita kwenda ethi, ndivyo mshale unavyopanda. Ukilielewa jambo hili moja, vipimo vyote vinavyofuata vitajieleza vyenyewe. Yapo magari machache yaliyopangwa kinyume, ndiyo maana nimetaja mchoro wa nyaya.

Hatua ya kwanza: je, geji inasema kweli?

Usifungue hata skrubu moja kabla ya kujibu swali hili. Geji nyingi zinazolaumiwa huwa zinasema ukweli ambao mwenye gari hataki kuusikia.

Injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta utazame maji. Yawe yamejaa hadi shingoni, siyo kwenye tanki la akiba pekee. Hapa kuna hatari ambayo ningependa kila dereva aijue: sensa hupima kile kinachoigusa. Maji yakipungua hadi sensa ikabaki kwenye hewa, mshale unaweza kushuka kuelekea C wakati injini inachemka. Mshale ukianguka ghafla baada ya kuwa juu, usifurahi. Simama, zima injini, subiri ipoe, kagua maji.

Maji yakiwa sawa, washa injini na uiache isilensa (iungurume gari likiwa limesimama). Elekeza kipimajoto cha mionzi kwenye nyumba ya thamostati, pale mpira wa juu wa rejeta unapoanzia. Chuma kinachong'aa hudanganya kipimo hiki na kuonyesha joto la chini kuliko lililopo. Bandika kipande cha tepu isiyong'aa au paka doa la rangi nyeusi, kisha pima hapohapo. Thamostati nyingi huanza kufunguka kati ya nyuzi 82 na 90, na namba yake huwa imegongwa kwenye thamostati yenyewe. Injini nzima ikishapata moto, chuma cha pale kinapaswa kukaribia namba hiyo, pengine pungufu kidogo kwa sababu unapima nje, siyo maji yenyewe.

Usipokuwa na kipimajoto, gusa mpira wa juu haraka kwa nyuma ya kidole, kila baada ya dakika moja. Injini ikiwa inapata moto na thamostati ikiwa nzima, mpira unabaki wa baridi kwa muda, kisha joto linafika kwa mkupuo. Ukianza kuwa wa uvuguvugu tangu mwanzo na kupanda polepole, thamostati imekwama wazi au mtu aliwahi kuiondoa. Hapo injini kweli haipati moto wa kutosha, hasa mwendo wa barabara kuu, na geji inayoonyesha chini inastahili kuaminiwa. Mpira ukibaki baridi huku injini inatoa harufu ya moto na mshale uko juu, thamostati imekwama imefungwa, au wota pampu haisukumi maji. Usiendelee na umeme. Tengeneza hilo kwanza.

Kama gari lako lina plagi ya kompyuta, kuna njia ya mkato. Kompyuta ya injini kwa kawaida ina sensa yake, tofauti na ya geji. Soma joto kwenye mashine ya kupimia, ulinganishe na mshale. Marekani ililazimisha mfumo wa OBD2, plagi ya aina moja ya kusomea kompyuta ya gari, kwenye magari ya modeli ya 1996 na kuendelea, kwa hiyo gari la kabla ya hapo huenda lisisomeke kwa mashine za kawaida.

Hatua ya pili: soma mwendo wa mshale

Tabia ya mshale inaeleza mengi, na ni vipimo vya bure. Endesha au acha injini isilensa, tazama, andika unachokiona.

Mshale hauondoki kabisa C, na injini umethibitisha ina moto: waya umekatika, plagi ya sensa imetoka au imeota kutu, sensa imekufa, au geji haipati umeme. Mshale unarukia H mara tu unapowasha swichi, injini ikiwa baridi: waya wa sensa umegusa bodi mahali fulani, au sensa imeshoti kwa ndani. Kwenye geji ya koili, ethi ya dashibodi ikikatika pia huleta vituko vya aina hii.

Geji ya joto na ya mafuta zikiharibika kwa pamoja, acha sensa. Ni nadra sana sensa ya maji na boya la tangi kufa siku moja. Tazama vitu ambavyo geji hizo mbili zinavitegemea kwa pamoja: fyuzi, kidhibiti cha volti, ethi ya dashibodi.

Mshale ukisogea unapowasha taa kubwa, au ukicheza kwa kufuata indiketa, ethi ni dhaifu. Ukiyumba gari linapopita kwenye mashimo, kuna muungano uliolegea.

Halafu kuna mshale unaopanda na kushuka wenyewe barabarani. Huu nauogopa kuliko wote. Unaweza kuwa muungano mbovu, lakini unaweza pia kuwa mapovu ya hewa yanayopita kwenye sensa. Ikiwa hewa iliingia wakati wa kubadilisha maji, itatolewa na kazi imekwisha. Ikiwa inarudi kila mara, chunguza gasketi ya silinda hedi: mapovu yasiyokoma kwenye rejeta injini ikiunguruma, mipira ya maji inayokuwa migumu dakika chache baada ya kuwasha injini baridi, moshi mweupe usioisha, maji yanayopungua bila kuvuja popote. Dalili hizi zikikutana, gari lisitembee.

Kingine: kwenye magari mengi ya kuanzia miaka ya 1990, watengenezaji walipanga mshale ubaki katikati kwa upana mkubwa wa joto ili dereva asihangaike na kila mabadiliko madogo. Mshale wa namna hiyo ukiondoka katikati na kupanda, joto limeshazidi sana. Geji ya zamani zaidi husogea kwa kila kilima na kila foleni, na kusogea huko si ubovu.

Hatua ya tatu: itafute sensa yenyewe

Injini moja inaweza kuwa na vitu vitatu vinavyofanana kwa mbali: sensa ya geji, sensa ya kompyuta, na swichi ya feni. Sensa ya geji kwenye magari mengi ya zamani ina waya mmoja tu, na huchukua ethi kupitia nyuzi zake za skrubu zilizofungwa kwenye chuma cha injini. Ya kompyuta huwa na nyaya mbili. Swichi ya feni mara nyingi iko kwenye rejeta yenyewe au karibu nayo. Sensa ya geji huwa imefungwa kwenye silinda hedi, karibu na nyumba ya thamostati, au kwenye njia ya maji ya manifoldi.

Usibahatishe. Fuata rangi ya waya kwenye mchoro, au chomoa plagi huku swichi ikiwa imewashwa na mwenzako anatazama dashibodi. Mshale ukibadilika, umeipata. Ukichomoa kimakosa ya kompyuta, hakuna litakaloharibika, ila taa ya injini inaweza kuwaka.

Ukiishika plagi, itazame vizuri ndani. Kutu ya kijani, pini iliyorudi nyuma, waya uliokatika ndani ya plastiki yake ukashikiliwa na unyuzi mmoja: mambo haya husababisha sehemu kubwa ya ubovu wa geji. Safisha kwa msasa laini, bana kidogo kishikio cha plagi ili kikaze, rudisha, na ujaribu kabla hujaendelea.

Hatua ya nne: kuchomoa na kugusisha

Hiki ndicho kipimo kikuu. Kinaugawa mfumo vipande viwili, cha dashibodi na cha injini, na kinakuambia ubovu uko upande gani.

Zima injini. Chomoa waya wa sensa, uache ukining'inia bila kugusa chuma, kisha washa swichi bila kuwasha injini. Mshale unapaswa kushuka hadi C au kubaki hapo. Ikiwa ni ya joto la umeme, ipe geji dakika nzima kutulia.

Mshale ukibaki H waya ukiwa umechomolewa, sensa haina hatia. Waya umechubuka na kugusa bodi njiani, au geji ina hitilafu ndani. Ukishuka hadi C ilhali kabla ya kuchomoa ulikuwa H na injini ni baridi, basi sensa ndiyo iliyoshoti.

Sasa sehemu ya pili. Chukua waya wako wa klipu, unganisha ncha ya waya wa sensa na chuma kisafi cha injini. Mshale unapaswa kupanda kuelekea H. Ukivuka katikati tu, tenganisha. Usiuache ukagonga mwisho na kukaa pale, kwa sababu geji ya joto la umeme inapokea umeme kuliko ilivyokusudiwa na inaweza kuungua. Mimi napendelea kuweka taa ndogo ya wati 5 au kikinza (kipande kinachozuia umeme) cha omu 10 katikati ya waya huo. Mshale unapanda vilevile na geji inabaki salama.

Ukipanda, basi umeme, geji na waya ni vizima, na kilichobaki ni sensa au ethi yake. Usipopanda, rudia ukigusisha kwenye ncha ya hasi ya betri badala ya injini. Ukipanda kwa betri lakini siyo kwa injini, ethi ya injini ndiyo mbovu. Usipopanda popote, ubovu uko juu: waya umekatika, geji imekufa, au umeme hauifikii.

Hatua ya tano: pima sensa kwenye maji

Kama dalili zinaelekea kwenye sensa, ithibitishe. Kipimo cha haraka ni kuweka multimita kwenye omu, ncha moja kwenye pini ya sensa, nyingine kwenye chuma cha injini, waya wa gari ukiwa umechomolewa. Pima injini ikiwa baridi, kisha ikiwa ya moto. Ukinzani usipobadilika, au multimita ikionyesha hakuna muungano kabisa, sensa imekufa. Ikionyesha sifuri injini ikiwa baridi, imeshoti.

Lakini sensa inaweza kuwa hai na bado ikasema uongo. Hapo itoe na uipeleke kwenye sufuria. Injini iwe baridi, achia presha kwa kufungua kifuniko, punguza maji kidogo hadi yawe chini ya sensa, kisha ifungue. Ining'inize ndani ya maji kwa waya, izame upande wa shaba bila kugusa kitako cha sufuria na bila pini kulowa. Weka kipimajoto pembeni yake. Pasha moto polepole na uandike ukinzani kila nyuzi 10.

Namba zenyewe hutofautiana kati ya gari na gari. Kwenye nyingi utaona mamia ya omu maji yakiwa baridi na makumi yakikaribia kuchemka. Kilicho muhimu ni mteremko laini. Ukinzani ukiruka, ukikwama, au ukipanda wakati joto linapanda, itupe. Usitegemee kuchemka kwa maji kama alama ya nyuzi 100 ikiwa uko nyanda za juu: kiwango hicho hushuka kwa takriban nyuzi moja kila mita 300 za mwinuko, kwa hiyo kwenye mita 1,500 maji huchemka karibu na nyuzi 95. Amini kipimajoto.

Orodha hiyo uliyoiandika ina kazi nyingine nzuri. Tuseme sensa ilionyesha omu 70 kwenye nyuzi 80. Chukua kikinza cha omu 70, cha wati 5 ili kisiungue, ukiweke kati ya waya wa sensa na ethi. Sasa geji inaonyesha mahali ambapo mshale unapaswa kuwa kwenye nyuzi 80. Ukiwa mbali na pale unapotarajia, geji au umeme wake ndio wenye kasoro, na sensa mpya isingesaidia kitu.

Hatua ya sita: ethi

Gari la miaka 25 au 30 lina kutu kwenye sehemu za ethi, hata likitunzwa vipi. Ethi ya injini ni waya mnene au mkanda wa shaba unaounganisha injini na bodi au betri; ukichakaa, umeme wa sensa unapata ukinzani wa ziada na mshale mara nyingi husoma chini ya ukweli.

Weka multimita kwenye volti za DC, kipimo cha chini. Ncha moja kwenye nguzo ya hasi ya betri yenyewe, siyo kwenye klemu yake. Nyingine kwenye sehemu ya shaba ya sensa. Injini iungurume, taa na feni ya ndani viwe vimewashwa. Ukiona zaidi ya takriban volti 0.2, ethi inahitaji kazi: fungua boliti, futa rangi na kutu hadi chuma king'ae, rudisha na ukaze. Kwa ethi ya dashibodi, pima kwa namna hiyohiyo kutoka nguzo ya ethi ya geji.

Na kuna tepu nyeupe ya mabomba. Sensa ya waya mmoja inategemea nyuzi zake kupata ethi. Mtu akiizungushia tepu tabaka kwa tabaka, anaitenga na injini, na geji inasoma chini au inakufa. Nimeona sensa mpya kabisa zikilaumiwa kwa kosa hili.

Hatua ya saba: kidhibiti cha volti

Ruka sehemu hii ikiwa geji yako ni ya koili. Kidhibiti ni kijisanduku kidogo nyuma ya dashibodi au kwenye ubao wa geji. Vya zamani hukata na kuunganisha umeme mara nyingi ili wastani wake ubaki thabiti: kwenye magari mengi ya Uingereza ni karibu volti 10, kwenye Ford nyingi za zamani za Marekani ni karibu 5. Kwa sababu hiyo multimita ya kidijitali huonyesha namba zinazorukaruka. Hilo ni sawa. Taa ya kupimia ikiwaka na kuzima kwa mapigo kwenye njia ya kutokea, kidhibiti kinafanya kazi.

Kikitoa volti 12 mfululizo, geji zote mbili zitasoma juu. Kabla hujakibadilisha, kagua ethi yake: vidhibiti vingi huchukua ethi kupitia kasha, na skrubu ikilegea hukwama kwenye umeme kamili. Kikiwa hakitoi kitu huku kinapokea umeme, kimekufa. Badala yake unaweza kufunga cha kielektroniki chenye volti zilezile; mimi ningechagua hicho, kwani hakina kontakti za kuchakaa.

Hatua ya nane: waya na dashibodi

Toa ncha ya hasi ya betri kabla ya kufungua dashibodi, na kumbuka kebo ya spidi inaweza kuwa imeshikilia nyuma. Pima mwendelezo wa waya wa sensa kutoka plagi ya injini hadi nguzo ya geji; usomeke karibu na sifuri omu. Kisha pima kutoka waya huo hadi bodi, ncha zote zikiwa zimechomolewa. Pasiwe na muungano wowote. Ukikatika au kugusa, chunguza unapopita kwenye ukuta wa injini, karibu na bomba la ekzosi, na popote ulipobanwa na kishikizo.

Nyuma ya geji utakuta nati ndogo au ubao laini wa plastiki wenye njia za shaba. Nati zilegee kidogo tu, geji inakufa. Kaza kwa mkono mwepesi. Njia ya shaba iliyopasuka inaweza kuunganishwa kwa waya mwembamba na risasi ya kulehemu, kwa uangalifu, maana plastiki hiyo huyeyuka upesi. Ikiwa umeme unafika, ethi ipo, waya ni mzima na mshale bado hausogei, sasa una haki ya kununua geji.

Geji ya mrija

Kwa aina hii kipimo ni kimoja. Toa tungi kwenye injini baridi, lichovye kwenye maji ya moto pamoja na kipimajoto, ulinganishe. Mshale usipotoka, mrija umevuja na kimiminika kimetoka. Kinahitaji kujazwa na mtaalamu wa geji, au kubadilishwa. Usiukate mrija hata ukiwa mrefu kupita kiasi. Ukunje kwa mizunguko mipana, mbali na ekzosi na vitu vinavyosugua. Kimiminika cha ndani kwa kawaida ni etha, nacho hushika moto kirahisi.

Kufunga sensa mpya na kuhakikisha

Nunua kwa namba ya sensa au ya injini, siyo kwa sura. Sensa mbili zinaweza kufanana nyuzi na plagi, lakini ukinzani wake ukawa tofauti kabisa. Mshale utasogea, utaonekana mzima, na utakudanganya kila siku. Pima mpya kwa omu ikiwa baridi, uilinganishe na ya zamani kama ilikuwa bado hai.

Safisha nyuzi za injini. Tumia washa (pete) ya shaba ikiwa sensa ilikuja nayo. Kama nyuzi zake ni za mtelemko, paka gundi kidogo ya nyuzi kwenye sehemu za juu tu. Kaza kwa kiasi, hasa kwenye hedi ya alumini, ambayo nyuzi zake hung'oka kwa nguvu ndogo. Jaza maji na kulanti (dawa ya kupoozea injini), fungua skrubu ya kutolea hewa kama ipo, weka hita ya ndani kwenye joto la juu, na uache injini iungurume huku unaongeza taratibu hadi mapovu yaishe. Funga kifuniko.

Sasa pasha injini hadi feni ya umeme iwake na kuzima mara mbili, au, kwa feni ya mkanda, hadi mpira wa juu upate moto na kutulia. Pima nyumba ya thamostati, tazama mshale uko wapi, na uweke alama ndogo ya kipande cha tepu kwenye kioo cha geji. Endesha mwendo wa kawaida, kisha kwenye kilima, kisha simama isilensa. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, fungua rejeta uone kama maji yamepungua na uongeze inavyohitajika.